Kamera ndogo ya kukaa na DSLR yako: kwanza tazama lenzi inatoka nje au haitoki

Mfungo Mosi uliopita nilipiga harusi Michamvi, huku kwetu Unguja, picha za pwani, bibi harusi na shela lake jeupe, upepo mzuri, jua limeshaanza kulala. Nikon yangu kubwa, DSLR, ile ya kubadilisha lenzi, nikampa msaidizi, miye nikashika kikamera kidogo nilichonunua miezi minne nyuma. Usiku nafungua picha kwenye laptopu, naona doa. La kijivu, la duara, juu kidogo mkono wa kulia. Picha ya pili palepale, ya mia mbili palepale, mbinguni, kwenye shela, na moja limekaa shavuni mwa mtoto wa watu. Siku mbili nzima nasafisha moja moja. Tangu hapo kila anoniuliza anunue kamera gani ndogo namuuliza hilo tu, lenzi inatoka nje au haitoki?

Megapikseli sizizungumzii, zote zinatosha. Shida ni kwamba kamera nyingi ndogo ukiiwasha lenzi inachomoka, ukizima inarudi, na kila ikichomoka inavuta hewa ndani kama pampu ya baskeli. Sasa fikiria hewa yetu. Mchanga wa Paje na Jambiani mlaini kama unga, kaskazi inapuliza, na chumvi juu yake. Vile vinaingia pembeni mwa ile mirija ya lenzi vinakwenda kukaa juu ya sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea picha. DSLR ikipata vumbi unatoa lenzi, unapuliza kwa kipira, kwisha. Hii ndogo lenzi haibanduki, kwahiyo mpaka fundi aifungue yote, na mafundi wa kuifungua ikarudi salama hapa kwetu wa kuhesabu. Yangu ilikwenda Dar ikarudi haina doa lakini lenzi haifungi vizuri.

Basi hivi ndivyo ninavozipanga.

Ya kwanza kwangu ni Fujifilm X100V, na sifichi, mapenzi yangu yapo hapo. Ilitoka 2020, lenzi moja tu isiyo na zumu, ya f/2, yaani tundu lake la mwanga linafunguka sana, uwanja wake kama wa milimita 35, mpana kidogo, na haichomoki nje ya kamera. Ila sikiliza hapa mana wauzaji hawasemi: ile kinga yake ya maji na vumbi haijakamilika mpaka ufunge ringi na filta ya milimita 49 mbele. Bila ya hivyo pale mbele pako wazi. Shata yake, kile kinachofunguka na kufunga ukipiga, ipo ndani ya lenzi, haina kelele, unakaa na kina mama kwenye kupamba hakuna anogeuka, wakati DSLR yangu ikilia kila mtu anatengeneza mtandio. Ina filta ya ndani ya kupunguza mwanga stopu 4, kila stopu inakata nusu, saa sita mchana Forodhani unaweza kuacha f/2 bila picha kuungua. Na rangi zake, wallahi mara nyingi sihariri kitu. X100VI ya 2024 imeongeza kitulizaji cha ndani cha mtikisiko wa mkono na megapikseli 40, kama pesa ipo chukua, lakini X100V iliyotunzwa inatosha kabisa.

Ya pili OM System TG-7, au TG-6 ambayo bado ina jina la Olympus. Wapiga harusi wanaidharau kwa sababu sensa yake ndogo, megapikseli 12, na usiku kweli haifai, usiipeleke ukumbini. Lakini zumu yake inatembea ndani kwa ndani, hakuna kinachotoka, na inakwenda mita 15 chini ya maji. Ukitaka kuwafuata kina mama wa mwani maji yakitoka, au umepanda ngalawa, hii ndo inokuachia raha. Ukirudi isuuze kwa maji ya bomba, tazama mpira wa kifuniko cha betri usiwe na hata chembe ya mchanga.

Ya tatu Ricoh GR III. Inaniuma kuiweka hapa, sensa kubwa ya APS-C, saizi ya DSLR nyingi, kwenye gramu 257, inaingia mfuko wa kanzu, picha kali. Lakini lenzi inachomoka, na malalamiko ya vumbi kwenye sensa ya hizi GR ni ya miaka mingi, ya watu wa nchi zisizo hata na mchanga. Ukiishi mjini na pwani huendi, sawa.

Sony RX100 na Canon G7 X nzuri kwa zumu, RX100 VII inavuta mbali mpaka milimita 200, ila ni mirija juu ya mirija. Ukiwa nayo usiiwashe kwenye upepo, iweke kwenye kopo la plastiki na vipakti vya silika vya kunyonya unyevu.

Za bei rahisi sina la kusema, simu yako inazishinda.

Sasa wauzaji. Niliponunua yangu niliambiwa mpya, boksi limebandikwa vizuri, kumbe imeshatumika. Nikairudisha, jamaa ananambia gerentii haihusu vumbi. Mwengine aliniandikia kauziwa Sony ya soko la Japani, menyu yote Kijapani na haibadiliki, muuzaji kamwambia utazoea! Na bei ndo usiseme, X100V ilitoka kwa dola 1,399, ikapata umaarufu TikTok, watu wakaanza kuuza zilizotumika kwa bei ya juu kuliko mpya, na hapa mtu akuongezee nauli ya Dubai juu yake.

Kwahiyo usitoe pesa kabla hujafanya hivi, palepale dukani: weka f/11, yaani tundu dogo, elekeza mbinguni au ukuta mweupe, piga, kuza picha, pita kona zote nne. Doa likiwepo litaonekana, kwenye f/2 linajificha. Kisha iwashe na uizime mara kumi, upige tena. Muuzaji akikwambia hakuna haja, au betri haina chaji, mrejeshee kamera yake uondoke.