Top Gear: mtangazaji mgeni au Waingereza watupu?

Mwaka 2016 BBC ilimleta Matt LeBlanc, Mmarekani, kwenye Top Gear, kipindi cha magari. Wengi waliguna: mwigizaji wa vichekesho anajua nini kuhusu magari? Kumbe mwaka 2012 alikuja kipindini kama mwalikwa tu, akamaliza mzunguko wa Dunsfold, uwanja wa majaribio wa kipindi, na gari la Kia Cee'd kwa dakika 1 na sekunde 42.1. Usukani anaujua. Tena hapigi kelele, na utani wake mkavu ulikaa vizuri. Chris Evans, mtangazaji mwenzake Mwingereza, ndiye aliyeondoka baada ya msimu mmoja!

Waingereza watupu, kama walipoingia Paddy McGuinness na Freddie Flintoff pamoja na Chris Harris mwaka 2019, wanaelewana kwa nusu neno. Mimi bado ningemchukua mgeni, mradi awe dereva kweli.