Bustani Ndogo ya Kwenye Chungu: Miti, Mimea Tambazi na Vichaka vya Kununua Kwanza

Anayetengeneza bustani ndogo ndani ya chungu kipana, beseni la udongo au karai kuukuu hukusudia kupata mandhari nzima, yenye mti, kichaka, njia ya kokoto na nyasi, katika nafasi isiyozidi upana wa sinia. Hasara ya wanunuzi wengi huanzia kitaluni, pale mche unaponunuliwa kwa sababu tu ni mdogo siku hiyo. Mche mdogo si lazima uwe wa aina fupi. Mara nyingi ni mtoto wa mti mkubwa ambaye hajapata nafasi. Hata ufupi wenyewe ni jambo la kulinganisha: mnazi wa kitamli huitwa mfupi kwa kuwekwa kando ya mnazi mrefu, lakini nao hatimaye hulipita paa la nyumba.

Kwa hiyo mwongozo huu haupangi mimea kwa urefu ulioandikwa kwenye lebo, bali kwa ukubwa wa jani, kasi ya kukua, na uwezo wa mmea kuvumilia hali ya hewa ya mahali utakapowekwa. Jani linatangulia kwa sababu urefu hupunguzwa kwa mkasi, ilhali jani halipunguziki kwa urahisi. Watengenezaji wa bustani hizi hutumia sana kipimo cha nyumba za wanasesere, yaani 1 kwa 12, ambapo mti wa sentimita 25 husimama badala ya mti wa mita 3. Kwa kipimo hicho jani la sentimita 1 huonekana kama la sentimita 12, na jicho hulikubali. Lakini jani la sentimita 8, ambalo ni la kawaida kwa fikasi ya mapambo, huonekana kama jani la karibu mita nzima, na mti wote ukapoteza sura ya mti. Ni vyema kwenda kitaluni na rula.

Mti ununuliwe kabla ya kitu kingine chochote. Chungu kimoja kina udongo mmoja na ratiba moja ya maji, kwa hiyo mti unaopenda ukavu hauwezi kukaa na mmea tambazi unaotaka unyevu kila siku. Mmojawapo utakufa, na kwa kawaida hufa ule wa bei kubwa. Mti ukishachaguliwa, orodha ya mimea mingine hujipunguza yenyewe.

Katika miti, nafasi ya kwanza naipa Portulacaria afra, mmea wa Afrika Kusini ambao wenyeji huuita spekboom na ambao tembo wa kule huula kwa wingi. Majani yake manono ya mviringo huwa na urefu wa sentimita 1 hadi 2, shina lake hunenepa na kuwa la rangi ya kahawia mapema, na kila unapokatwa hutoa matawi mawili mahali palipokuwa na moja, hivyo baada ya kupogolewa mara kadhaa hupata kichwa kizito cha mti mzee. Huhifadhi maji katika majani, jambo linalomfaa anayesafiri mara kwa mara au mwenye baraza linalochomwa na jua la alasiri. Hustahimili joto la Dar es Salaam na Mombasa, na pia usiku wa baridi wa Nairobi au Arusha, mradi udongo uwe wa kichanga na chungu kiwe na tundu la kutolea maji. Kuna aina yenye majani ya mabaka meupe, ambayo hukua polepole zaidi na ina majani madogo zaidi; kwa chungu chembamba ningechukua hiyo. Faida nyingine ni kwamba tawi lililokatwa, likiachwa kivulini siku chache hadi kidonda kikauke, huota mizizi bila dawa yoyote, kwa hiyo aliye na jirani mkarimu hana haja ya kununua.

Nafasi ya pili inategemea mahali. Kwa wakazi wa pwani na maeneo mengine ya joto, mkwaju unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa vitaluni, ambako huuzwa kama mti wa kivuli tu. Majani yake yamegawanyika katika vijani vingi vidogo vinavyojikunja jioni, na gome hupasuka na kuonekana kongwe mapema. Mbegu ni kokwa za ukwaju ulionunuliwa sokoni. Unapouhamisha kutoka kwenye kiriba, yaani mfuko wa plastiki wa kuoteshea miche, mzizi mkuu hufupishwa ili mti ukubali chungu cha kina kifupi, na baadaye matawi hukatwa mara kwa mara, kwa maana mkwaju ulioachwa kidogo tu hurefuka kama fimbo. Kwa wakazi wa nyanda za juu, nafasi hiyo naipa rozmari. Ndiyo, rozmari ya jikoni: majani yake membamba hufanana na ya misonobari, shina lake hugeuka kuwa la mti, na ukiondoa matawi ya chini unapata mti kamili kwa gharama ya kiungo cha nyama. Haipendi mizizi iliyolowa, na katika unyevu wa pwani huchakaa mapema.

Fikasi naiweka ya tatu, ingawa ndiyo inayouzwa zaidi. Sifa zake ni za kweli: huvumilia makosa, hukubali kupogolewa sana na hunenepesha mizizi ya juu kwa namna ya kupendeza. Udhaifu wake ni jani. Ficus benjamina ya kawaida ina majani marefu mno kwa kipimo tulichokitaja. Ficus microcarpa ni afadhali, hasa ile iliyokaa muda mrefu katika chungu kidogo na majani yake yakapungua. Mnunuzi asishtuke majani yakianguka wiki za mwanzo nyumbani, kwa kuwa mmea huu huchukia kuhamishwa, wala asiuhamishie ardhini karibu na bomba au ukuta atakapouchoka.

Waridi la jangwani, Adenium obesum, ni mmea wa asili wa Afrika Mashariki wenye shina lililovimba chini na maua mekundu au ya waridi. Majani yake hayapiti mtihani wa rula, lakini akitakiwa mbuyu wa mfano katika mandhari kame, hakuna shina linaloiga vizuri zaidi. Utomvu wake ni sumu, na baadhi ya jamii za Afrika wameutumia kutia sumu kwenye mishale. Nyumba yenye watoto wadogo itafute mti mwingine. Pia ununuliwe uliooteshwa kitaluni, si uliong'olewa porini.

Mwisho kabisa ni jamii ya misonobari, na hapa ndipo picha za intaneti zinapopotosha. Mti unaosifiwa sana Marekani na Ulaya ni Picea glauca ‘Conica’, ambao uligunduliwa mwaka 1904 katika milima ya Alberta, Kanada. Mti huo unahitaji majira ya baridi kali ili upumzike, na pwani ya Afrika Mashariki hauna maisha. Mvinje (saipresi) wa rangi ya limau unaouzwa Nairobi kuelekea Krismasi huishi nyanda za juu, lakini hauchipui tena kwenye tawi kuukuu lililokatwa, na mizizi yake haivumilii kukauka hata mara moja. Kibaya zaidi, miti ya jamii hii hubaki ya kijani kwa wiki kadhaa baada ya mizizi kufa, hivyo mnunuzi anaweza kulipia maiti.

Mimea tambazi ndiyo inayofanya chungu kionekane kuwa bustani. Kwa kivuli na unyevu wa wastani, chaguo la kwanza ni Ophiopogon japonicus ‘Nanus’, nyasi ya mapambo ya kijani kilichokolea isiyozidi sentimita 10. Huongezeka polepole, kwa hiyo bei ya kifungu huonekana kubwa, lakini kifungu kimoja hugawanywa kwa mkono kikawa vitano au sita. Chini ya spekboom au adeniamu, penye jua na ukavu, panafaa sedamu (Sedum, mmea mdogo wa majani manono) fupi yoyote iliyopo kitaluni. Callisia repens hufunika udongo kwa haraka na hupendeza inapomwagika ukingoni, ila hukua kwa kasi na itadai mkasi kila mwezi. Soleirolia soleirolii, yenye vijani vya milimita chache, ndiyo nzuri kuliko zote machoni, lakini asili yake ni visiwa vya Corsica na Sardinia na maeneo jirani, na jua la pwani yetu huikausha kwa siku chache. Ibaki kwa wakazi wa sehemu zenye ubaridi. Kabla ya kulipia chochote, tazama ndani ya vyungu vya mimea mingine kitaluni: Pilea microphylla huota humo yenyewe kama gugu, na wenye vitalu wengi watakupa bure. Nyasi ya kikuyu na ukoka zisiingie kabisa, kwani mashina yao hupenya hadi chini ya mizizi ya mti na hayang'oleki bila kuubomoa mpangilio wote.

Vichaka havihitaji maneno mengi. Cuphea hyssopifolia inatosha kwa bustani nyingi, kwa kuwa ina majani madogo, maua madogo ya zambarau au meupe karibu mwaka mzima, na bei nafuu. Inataka maji, basi iwekwe pamoja na fikasi, si spekboom. Bokisi, yaani Buxus, ni bora zaidi kwa umbo lakini ni ghali na ni ya nyanda za juu. Duranta ya manjano ipo kila mahali, inakatika vizuri, na matunda yake ni sumu.

Ukiwa kitaluni, iwe kandokando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi au Mikocheni, Dar es Salaam, muombe muuzaji ruhusa ya kuutoa mche kwenye kiriba. Mizizi iliyojizungusha chini ni ishara kwamba mche umekaa muda mrefu. Kwa mti wa bustani ndogo hilo si kasoro, mradi mizizi iwe mieupe na isiyonuka, kwa kuwa mche kama huo tayari umedumaa na shina lake limenenepa. Mche uliokataliwa na wateja kwa sababu umepinda ndio wa kuulizia bei. Chunguza kwapa za majani kama zina wadudu wadogo weupe, kisha mmea mpya ukae peke yake nyumbani kwa wiki mbili kabla ya kuunganishwa na wenzake. Anayetaka kuagiza miche au vipandikizi kutoka Ulaya au Ghuba atahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, kupitia KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, nchini Kenya au Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu nchini Tanzania, na gharama na muda wa taratibu hizo kwa mche wa sentimita 15 ni sababu tosha ya kuanza na kokwa ya ukwaju.