Nyumba ya kupanga Kiembesamaki, Zanzibar: upepo wangu, umeme wa watu

Dalali ameniomba niandike maneno mazuri kuhusu nyumba aliyonitafutia, eti anazo nyingine, na Wakenya wenzangu wanaokuja kufanya kazi mahotelini wataniamini mimi kuliko yeye. Haya, naandika. Asije akasema sikumwandikia.

Ukubwa wa vyumba na picha mwulizeni mwenyewe, kwenye simu yake zimejaa. Ambacho hatawapigia picha ni kile kisanduku cha Tukuza, mita ya umeme wa kununua kwanza, kilichofichwa chini ya ngazi. Hicho ndicho nitakachokizungumza mimi, maana tangu nihamie sina hadithi nyingine. Hata kazini wameshanichoka.

Nilipovuka kutoka Mombasa nilidhani kazi ngumu ni karatasi. Kibali cha kazi cha Zanzibar ni cha Zanzibar, usije na cha Tanzania Bara ukadhani umemaliza. Kodi ya miezi sita mkononi, na ya dalali mwezi mmoja juu yake. Kisha kwa sheha, kiongozi wa mtaa, uandikwe kuwa wewe ni mkaazi wa shehia yake. Sheha alikuwa muungwana, alinipa kiti, akaniuliza habari za Kisauni ya Mombasa ambako ana jamaa zake. Nikarudi nyumbani nikifikiri: kumbe rahisi.

Halafu yuniti zikaanza kuisha.

Mimi nina pangaboi moja, friji ndogo ya kimo cha mtoto, taa na chaja ya simu. Asubuhi napanda daladala ya 505 kwenda mjini, narudi magharibi. Nashinda sipo! Lakini umeme nikinunua leo, nikigeuka umekwisha. Nikanunua mwingi zaidi, ukaisha vilevile. Nikaanza kulaumu friji, nikalichomoa, maziwa yakaniharibikia, na yuniti zikaendelea kwenda tu. Dalali akaniambia kwenye simu, "Dada, kaskazi hii, joto, watu wote wanatumia sana." Joto! Unamwambia mtu wa Mombasa habari za joto?

Jumamosi moja nikazima kila kitu. Nikachomoa mpaka pasi ambayo hata haikuwa ya moto. Nikateremka chini ya ngazi na tochi ya simu kuitazama Tukuza. Kile kitaa chake chekundu kinapepesa mbio. Nikasimama pale nikikitazama kama mtu aliyeona jini, kisha nikaiteremsha swichi kubwa.

Kwenye duka lililo chini yangu pakawa kimya. Ghafla. Friza tatu zilizokuwa zikinguruma tangu nihamie zikanyamaza kwa pamoja, na sauti ya bi mkubwa mwenye duka ikatoka ndani: "Eee, umeme umekatika huu!"

Nikaipandisha. "Umerudi, alhamdulillahi!"

Nikaiteremsha tena. Si kwa ubaya, nilitaka uhakika tu. (Kwa ubaya kidogo.)

Basi ndiyo hivyo. Barafu za ukwaju, barafu za ubuyu, maji ya baridi wanayokunywa vijana wote wa mtaa wakitoka kucheza mpira, vyote vinagandishwa na mimi. Na mashine inayosukuma maji nyumba nzima kutoka tangi la chini nayo imo humo humo. Umeme wenyewe unasafirishwa kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, unaibukia Fumba, unakuja mpaka kwenye mita yangu, nilipe, halafu ugeuke ukagandishe ukwaju wa watu.

Nikampigia mwenye nyumba. Yeye anaishi Muscat, akasema atamtuma nduguye. Nduguye akaja na vespa. Hakushuka. Hakuzima hata mashine, nikawa nazungumza naye huku moshi unanipiga usoni, na hata salamu aliiitikia nusu.

"Hizo friza zipo hapa kabla yako," akaniambia. "Wewe umekuja juzi. Umeme wa nyumba hii ni wa pamoja."

"Wa pamoja na nani, kaka? Mbona anayenunua ni mimi peke yangu?"

"Kabla yako alikaa Mtaliana hapa, mwaka mzima. Hakusema neno."

"Mtaliana huyo hakujua kama anawalipia!"

Akacheka. Akasema, "Nyinyi Wakenya mnapenda kesi," akavuta mafuta, akaenda zake. Mimi nimesimama na khanga begani na maneno yote niliyoyapanga usiku kucha yamebaki mdomoni. Pesa nilishaanza kuzisamehe. Ile vespa sitaisamehe. Mtu nimemlipa miezi sita ananijibu bila kuweka mguu chini!

Fundi niliyemwita akaniambia mita ya pili inawezekana kabisa, ila ombi lapelekwa na mwenye nyumba, si mpangaji. Mwenye nyumba anasema inshallah. Hiyo inshallah yake naijua, hata kwetu ipo.

Sasa mtaniuliza kwa nini sihami. Hapa ndipo ninapojichukia.

Siku ile ile ya vespa, jioni, bi mkubwa wa dukani akapanda ngazi mwenyewe, na magoti yake yale. Nikajua amekuja kugomba. Amebeba bakuli la pweza wa nazi na mkate wa kumimina umefunikwa kwa kitambaa. "Mwanangu, nimesikia. Wallahi mie sikujua, nimeambiwa kodi yangu imo na umeme." Akakaa kitako kwenye mkeka wangu, akanihadithia Disemba ya 2009 umeme ulipokatika Unguja nzima ukaja kurudi Machi, jinsi biashara yake ya barafu ilivyokufa na walivyokuwa wakichota maji kwa ndoo visimani. Akaniambia, "Weye umelia kwa yuniti, sie tulilia kwa miezi." Nitamwambia nini mtu kama huyo? Azime friza? Ramadhani ikaja, hakuna magharibi aliyoniacha nifuturu peke yangu: tambi, boko-boko, uji wa pilipili manga. Mama yangu mwenyewe akisikia kwenye simu anasema nimenenepa sauti.

Na upepo, jamani. Ukifungua dirisha la jikoni usiku pangaboi la nini?

Kwa hiyo nyumba ni nzuri. Pangeni. Yaani, isipangwe na mtu mwenye hasira kama mimi. Ukija kuitazama, hii au yoyote ile hapa, usimsikilize dalali anapokuonyesha vigae. Mwambie akupeleke kwenye Tukuza kabla hujatoa pesa, teremsha swichi, utege sikio nani atapiga kelele. Akipiga kelele mtu, kodi ipungue hapo hapo, na iandikwe kwenye mkataba. Akikataa, kuna nyumba Mpendae, kuna Tomondo, Unguja haijaisha.

Nilikuwa nimeipa nyota nne kwa ajili ya ule mkate wa kumimina. Kisha jana nimeingia kuoga, nimejipaka sabuni kichwa kizima, yuniti zikaisha. Mashine ikazima, maji yakakata, na simu ya kununulia umeme iko ukumbini. Nimetoka nikipapasa ukuta macho yamefumba, na kutoka chini naisikia sauti tamu kabisa ikiniita: "Mwanangu, umeme wetu umekwishaa!"

Nyota mbili. Zote za bi mkubwa. Yule wa vespa hana hata moja.