Nimelipa pauni 5 mwanangu afundishwe kuchoma mkaa: warsha za sanaa na msitu, London

Nianze na kilichomchekesha mama yangu kule Muheza. Nilimtumia video ya mjukuu wake, miaka 14, mzaliwa wa London, amechuchumaa mbele ya moto anachochea kuni. Akanipigia papo hapo: "Unatoa hela mtoto akafundishwe kuchoma mkaa?" Ndiyo, mama. Pauni 5 kwa Jumamosi, Jumamosi sita, na asiye nazo hadaiwi.

Ni warsha za vijana Weusi wa miaka 12 hadi 17 wa upande wetu huu wa kaskazini mwa jiji. Wanaziendesha wasanii wawili, mmoja asili yake Jamaika, mwingine Mghana. Siku nyingine wanakuwa kwenye bustani ya mtaa hapa Tottenham, siku nyingine msitu wa Epping. Nilimwandikisha kwa sababu likizo ni ndefu na mtoto ameganda chumbani na simu. Alikwenda amenuna. "Mama, msituni ni kwa wazungu wenye mbwa."

Kwa mbwa hakukosea. Siku ya kwanza ya msituni wazazi tuliruhusiwa kufuatana nao. Unapanda treni Walthamstow Central, kituo cha tatu ni Chingford, unatembea kidogo, unalipita lile jengo mfalme Henry VIII wa Uingereza alilojengewa mwaka 1543 kwa ajili ya kutazama uwindaji, halafu miti. Hatujafika mbali, likaja jibwa la kahawia, halina kamba, linatujia mbio. Watoto wakatawanyika huku na huku. Mwenyewe anapiga kelele kwa mbali kwamba halina neno, linataka kucheza tu. Miaka yangu 19 hapa imenifundisha kinachofuata: watoto wanachekwa. Mkufunzi akasimama mbele yao, akamwomba mwenye mbwa amfunge, sauti ya kawaida kabisa, akangoja mpaka kamba ikafungwa. Safari ikaendelea. Hakuna hotuba, hakuna "msiogope". Hapo ndipo niliposema moyoni, hawa nawaachia mtoto.

Walikuja pia na makoti ya mvua yenye kofia kubwa, misuko na rasta zinaingia bila kubanwa. Mwenye binti aliyekaa kitini saa sita kusukwa atanielewa.

Sasa mkaa wenyewe. Si wa kupikia, ni wa kuchorea. Wanachukua vijiti vya mwerebi, unene wa kalamu, wanavibambua gome na kuvipanga vikabanana ndani ya kopo la biskuti. Mfuniko unatobolewa kitundu kimoja kwa msumari, kopo linawekwa motoni. Kwanza unatoka moshi mweupe, ni maji yanayokauka. Baadaye moshi unashika moto pale kitunduni, mwali mdogo kama wa kibatari. Mwali ukizimika kopo linaepuliwa, kitundu kinazibwa, na kazi ngumu inaanza: kungoja lipoe. Ukifungua mapema hewa inaingia, vijiti vinawaka, unabaki na majivu. Kundi la mwanangu lilifungua mapema. Walipoanza upya alilikalia lile kopo kama kuku anayeatamia. Alirudi na vijiti tisa amevifunga kwenye gazeti, vyeusi, vyepesi, ukivigonganisha vinalia kama vioo.

Msituni moto ni marufuku, kwa hiyo walichomea bustanini, kisha wakaenda na mkaa msituni kuchora. Walichora miti ya hornbeam, mashina manene, vichwa vimevimba kama ngumi. Ni kwa sababu wenyeji walikuwa wakikata matawi ya juu kwa kuni, mti unachipua, wanakata tena, karne kwa karne. Mwanangu ndiye aliyenisimulia habari za Thomas Willingale, mkata kuni wa Loughton, pembeni mwa msitu huo, aliyeendelea kukata wakati mwenye ardhi anazungushia uzio, na ile sheria ya 1878 iliyouacha msitu wazi kwa watu wote. Ukataji kuni wenyewe ulikomeshwa, wenyeji wakapewa fidia, na kwa fedha hizo ukajengwa ukumbi Loughton uliofunguliwa 1884. Nikamwambia kwamba bibi yangu naye aliwahi kunyang'anywa panga na bwana misitu kwa mzigo mmoja tu wa kuni. Akaniuliza kama alijengewa ukumbi.

Kasoro zipo. Ratiba inaletwa WhatsApp Ijumaa saa nne usiku, wakati mtu wa zamu ameshapanga siku yake. Habari ya buti hatukuambiwa, raba nyeupe zikafia kwenye tope siku ya kwanza. Siku ya picha za bluu, ile njia ya 1842 ya kulaza majani juu ya karatasi iliyopakwa dawa na kuianika juani, wingu lilikaa mpaka saa nane mchana na subira ikawaishia, picha zikatoka hafifu kama kanga iliyochuja. Kwa jiji hili mtu anakuja na mpango wa pili. Na mtoto wa miaka 12 kuwekwa na wa 17 si sawa, wakubwa ndio wanaoshika zana. Mikate yao ya mchana baridi sana; wiki ya pili nikamfungia mwanangu chapati mbili, wiki ya tatu nikaagizwa kumi.

Natoa nyota 4 kati ya 5. Awamu ijayo nimemwandikisha na binti wa dada yangu, na buti nimeshamnunulia.