Saa tatu usiku mpaka saa sita: hedifoni za HD 600 na amplifaya ndogo

Mume wangu hulala mara baada ya Isha, kwa sababu alfajiri huwa keshafika mnadani kununua samaki. Mimi cherehani naifunga saa mbili, nakula, naoga, na kuanzia saa tatu muda ni wangu: taarab mpaka saa sita. Nyumba yetu hapa Ngamiani, Tanga, ni vyumba viwili na sebule, na dari haina. Spika ikilia sebuleni ni kama imelia kitandani. Kwa hiyo bila hedifoni muziki ningeusikia Jumapili mchana tu.

Kabla ya hizi nilizonazo nilishanunua tatu, na zote zilinishinda kwa sababu moja: hazikaliki kichwani. Za kwanza zilikuwa za kufunika sikio lote, zimezibwa nyuma, na mito yake ya ngozi bandia. Tanga mwezi wa Februari, dakika arobaini tu na masikio yameloa jasho kama umetoka kuoga. Masika moja yalipopita ile ngozi ikaanza kubanduka na kuniachia vipande vyeusi shingoni. Za pili zilikuwa ndogo, za kulalia juu ya sikio. Mimi navaa miwani, na zile zilikandamiza sikio juu ya mkono wa miwani mpaka nikawa naumwa kichwa. Za tatu zilikuwa nzuri kwa sauti, lakini nzito, na uzito wote ulitua utosini sehemu moja. Hapo nikajiwekea sharti: hedifoni nitakayoinunua tena lazima niweze kukaa nayo saa tatu nzima bila kuipapasa. Sauti itafuata.

Mpwa wangu anayeishi Muscat ndiye aliyeniletea Sennheiser HD 600, zimetumika, kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama. Alizifunga ndani ya kanga kwenye sanduku akaja nazo sikukuu ya Idi. Nilimrudishia laki tano na nusu, pesa ya mchezo wetu wa mafundi cherehani, zamu yangu ilipofika. Nimekaa nazo sasa miezi kumi na minne.

Huu si mtindo mpya. HD 600 zilitoka mwaka 1997 na zinauzwa mpaka leo. Ni hedifoni za wazi: nyuma ya kila kikombe kuna wavu wa chuma, na sauti inapita kwenda nje kama inavyopita kwenda sikioni. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyoleta sokoni hedifoni za kwanza za aina hii, HD 414, mwaka 1968. Kwetu wa pwani uwazi huo una faida ambayo wazungu wanaoandika juu ya hedifoni hawaigusi sana, nayo ni hewa. Mito yake ni ya mahameli, sikio linakaa ndani bila kuguswa, na joto linatoka. Jasho linakuja, ndiyo, lakini ni lile la kawaida ambalo ningetoka hata nikiwa nimekaa tu.

Uzito wake ni gramu 260 bila waya. Vikombe vina umbo la yai, kwa hiyo mkono wa miwani unapita juu ya sikio na mto wa mahameli unaupokea bila kuusukuma ndani. Zikiwa mpya zinabana sana, hilo lazima niliseme. Zangu zilikuja zimeshalegezwa na kichwa cha mwenzangu, lakini dada mmoja niliyemshauri akanunua mpya alilalamika wiki nzima. Nilimwambia azivike kila usiku kwenye rundo la vitabu lililo pana kidogo kuliko kichwa chake. Baada ya siku kumi zilikaa sawa.

Na mtandio? Wanawake wenzangu wananiuliza hili kila mara. Nikiwa peke yangu navaa bila mtandio. Akiwapo mgeni sebuleni, naziweka juu ya kitambaa chembamba cha pamba. Kitambaa hicho kinapunguza kidogo zile sauti nyembamba za juu, lakini muziki unabaki. Satini usijaribu, zinateleza mpaka mabegani.

Sasa sauti, na hapa nitakaa kidogo.

Baba yangu alikuwa mpiga fidla Unguja. Nilikulia mtaa wa Malindi, na mazoezi ya jioni aliyafanya baraza ya ndani, mimi nimekaa mkekani hatua mbili kutoka kwake. Kwa hiyo fidla naijua ilivyo kabla haijaingia kwenye mashine yoyote: ule mkwaruzo mdogo uta unapoanza kuugusa uzi, harufu ya ulimbo, pumzi ya mpigaji anapogeuza uta. Tuna kaseti moja ya kikundi chake, iliyorekodiwa kwa redio kaseti iliyowekwa juu ya kiti. Mwanangu aliihamishia kwenye kompyuta. Kwenye zile hedifoni tatu za mwanzo, fidla ya baba ilikuwa ama kama filimbi ya bati, ama imezama ndani ya besi. Kwenye HD 600 nilimsikia akivuta pumzi. Nilizivua, nikakaa kimya, halafu nikazivaa tena nikairudisha kaseti mwanzo.

Sababu yake si miujiza. Fidla, sauti ya mwimbaji, udi na nai (filimbi ya mwanzi), sehemu kubwa ya utamu wake uko katikati, baina ya besi na sauti nyembamba za juu, na hapo katikati ndipo HD 600 zinaposema kweli. Hazipandishi besi kwa kukufurahisha, wala hazinoi sauti za juu ili uone kila kitu kinameremeta. Kanuni, ile ala yenye nyuzi zaidi ya 70, ni mtihani mkubwa. Hedifoni zilizonolewa juu huigeuza kuwa sarafu zinazomwagika kwenye sahani. Hapa kila uzi una mwili wake na ukucha wa mpigaji unausikia mbali na mlio. Waitikiaji wakiingia pamoja, nawatenganisha: yupo wa sauti nene kulia, yupo anayechelewa kidogo kila mstari.

Kuna faida nyingine kwa sisi tunaopenda rekodi kuukuu. Santuri za Siti binti Saad za Bombay, mwaka 1928, zina mkwaruzo wa sindano mwanzo mpaka mwisho, na mkwaruzo huo unaokera zaidi uko juu, kupita sehemu kubwa ya sauti ya mwimbaji. Hedifoni kali inakuuzia mkwaruzo kwanza. HD 600 zinauacha nyuma kama mvua juu ya bati, nawe unamfuata mwimbaji.

Penye upungufu pia nitasema. Besi ya chini kabisa inafifia. Ile besi kubwa ya kusimama ya taarab ya Unguja, nyuzi zake za chini unazijua zipo, lakini kifuani huzipati. Ukisikiliza taarab ya kisasa ya kinanda na besi ya umeme, au singeli, hizi si zako. Na kundi zima linakaa karibu nawe, kama uko sebuleni nalo, si ukumbini. Mimi napenda hivyo, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, lakini mwenye kupenda ukumbi mpana ataona padogo.

Jingine ni kwamba zinavuja. Mtu aliyekaa kiti cha pili anausikia wimbo wako, na wewe unamsikia yeye, bajaji inayopita, na feni. Feni ndiyo iliyonipa taabu zaidi. Ukiizima unaungua, ukiiwasha inaimba pamoja na nai. Nimeihamishia mlangoni, iko mwendo wa kwanza, inavuma miguuni.

Tuje kwenye amplifaya, mashine ya kukuza sauti, maana huku ndiko pesa za watu zinakopotea.

HD 600 zina upinzani wa umeme wa omu 300. Watu wakiiona namba hiyo wanatishika, wanadhani zinataka mtambo wa harusi. Zinachotaka ni volti. Kwa volti 1 zinatoa desibeli 97 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na adapta ndogo nyingi za kuchomekea hedifoni kwenye simu zinatoa volti kama hiyo. Kwa rekodi za leo, zilizopigwa juu muda wote, hiyo inatosha na kubaki. Tatizo ni rekodi zetu. Mwanangu alipoihamisha ile kaseti aliirekodi kwa sauti ya chini ili ngoma isipasue, na santuri za zamani nazo ziko chini. Kwa hizo simu inafika mwisho wa kidude cha sauti na mimi bado nainamisha kichwa nisikie. Ukiongeza volti mara mbili unapata desibeli 6 zaidi, na desibeli hizo chache ndizo zilizokuwa zinanikosesha raha.

Wifi yangu aliye Marekani aliniletea amplifaya ya mezani, nzuri, nzito, kidude chake cha sauti kinazunguka laini kama siagi. Nikaivalisha kibadilisha plagi nikaichomeka. Baada ya dakika kama mbili kukatoka harufu ya vanishi inayoungua. Adapta yake ilikuwa ya volti 120, na umeme wetu ni 230. Kibadilisha plagi kinabadilisha miguu tu, umeme unabaki uleule. Nikaipeleka kwa fundi wa redio wa mtaani. Akaifungua, akaipima kwa mita, akaniambia, "Mama, bahati yako, adapta imekufa peke yake, mashine yenyewe ni nzima." Nikamwambia basi anitafutie adapta yoyote. Akatikisa kichwa: hii inataka umeme wa kupishana (AC) kutoka kwenye adapta, na adapta karibu zote za dukani zinatoa umeme wa moja kwa moja (DC), ule wa betri. Ilibidi angoje mpaka apate transfoma ya kufaa kutoka kwenye redio kuukuu. Wiki sita. Mwenye ndugu Marekani na asome mgongo wa adapta kwenye picha kabla mzigo haujapanda ndege: iwe imeandikwa 230, au 100 mpaka 240. Kutoka Oman shida hiyo haipo, umeme na plagi zao vinaingia kwetu bila kazi.

Katika wiki hizo sita nilinunua FiiO E10K, kwa muda tu, nilidhani. Ni kisanduku cha gramu 78, kinatosha kwenye kiganja. Ndani yake mna amplifaya na kigeuza sauti cha kidijitali pamoja, kwa hiyo unakichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB na basi. Umeme wake kinaunyonya humohumo. Umeme wa mtaa ukikatika saa nne usiku, kompyuta inaendelea kwa betri yake na wimbo haukatiki. Kwa mtu wa Tanga hilo lina thamani yake. Kinatoa volti mbili na nusu hivi, ambazo kwa HD 600 ni kama desibeli 105 kwenye kilele. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na mimi saa zangu ni 21. Sijawahi kufika mwisho wa kidude cha sauti. Kina swichi ya kuongeza besi pia. Kwa rekodi za besi kubwa naiwasha, na inarudisha kidogo kile ambacho hedifoni zinakikosa. Kwa fidla naizima.

Ile kubwa iliporudi kutoka kwa fundi, nilitaka kujua kwa uhakika. Fundi alikuja na mita yake, tukacheza mlio mmoja tukasawazisha volti za amplifaya zote mbili, kwa sababu yenye sauti ya juu zaidi hata kwa uchache huonekana bora. Binti yangu akawa anabadilisha waya nyuma yangu bila kuniambia. Mara kumi, wimbo uleule. Nilipatia mara tano. Huko ni kubahatisha. Ile kubwa nimempa mwanangu, ambaye ana hedifoni zinazohitaji nguvu zaidi, na kisanduku kidogo kimebaki juu ya meza yangu ya cherehani.

Kwa hiyo anayeniuliza agawe vipi pesa zake, namjibu: sehemu nne kati ya tano ziende kwenye hedifoni. Asiyetaka kununua amplifaya kabisa atazame Philips SHP9500. Nazo ni za wazi, omu 32 tu, simu inaziendesha, vikombe vyake vipana na havibani, na bei yake ni sehemu ndogo ya HD 600. Nilizivaa kwa rafiki jioni nzima na masikio hayakulalamika. Anayelala chumba kimoja na mtoto mchanga anahitaji za kuzibwa. Huyo aanzie Beyerdynamic DT 770 Pro, ambazo mito yake angalau ni ya mahameli, na kwa simu au kompyuta achague za omu 80, aache za 250.

Ukinunua HD 600 zilizotumika, kama mimi, kagua mambo haya mbele ya muuzaji. Tikisa waya pale unapoingia kwenye kila kikombe huku wimbo unacheza, ukisikia upande unakatika, waya ni wa kubadilisha. Unachomoka, kwa hiyo si hoja, punguza bei tu. Bonyeza mito: ikiwa imelala bapa, sikio litagusa ndani na sauti itabadilika. Mito mipya inauzwa, na sponji ya utosini, na hata wavu wa chuma. Mimi nimebadilisha mito mara moja. Waya wa mita tatu nimeukunja nikaufunga kwa kipande cha upindo wa kanga, maana umeshanasa kwenye kanyagio la cherehani mara mbili.