Seti ya chesi ya Sh2,800: kete nzito, zipu dhaifu, na malkia hawatoshi

Nimeitumia seti hii tangu Aprili 2025, kwa hivyo siongei kwa furaha ya siku ya kwanza. Niliinunua kwenye kibanda cha vifaa vya michezo, orofa ya pili ya jengo moja karibu na barabara ya Tom Mboya, jijini Nairobi. Muuzaji alianza na Sh3,500, tukaelewana Sh2,800. Unapata bodi ya plastiki laini inayokunjwa kama mkeka, kete 32 na mfuko wa kitambaa wenye zipu. Saa ya kupimia mchezo haimo.

Mimi ni msusi, nina saluni ya viti viwili na draya moja huku Umoja. Shule zilikuwa zimefungwa, binti yangu Neema anashinda nami kazini, na kule China Ju Wenjun na Tan Zhongyi walikuwa wanaanza kugombea ubingwa wa dunia wa wanawake: michezo 12, zawadi ya yuro 500,000. Shanghai iko mbele yetu kwa saa tano, kwa hiyo wao wakikaa mezani alasiri, sisi huku bado tunapanga vitana. Neema alikuwa akifuatilia kwenye simu yangu. Simu yenyewe ina ufa unaokata bodi katikati, na kila mteja akipiga kuuliza kama kuna foleni, mchezo unapotea. Nikaona tununue bodi ya kushikika.

Kusuka na chesi vinaelewana kuliko mtu anavyodhani. Mikono yangu iko kichwani kwa mteja, siwezi kugusa kete. Neema anasoma hatua kwenye simu, anasogeza, mimi naangalia kupitia kioo cha ukutani. Bodi naiona imegeuka kushoto kulia, lakini unazoea. Kwenye mechi hiyo kila mchezaji alikuwa anapewa dakika 90 kwa hatua 40 za kwanza, kisha dakika 30 nyingine, na sekunde 30 zinaongezwa kwa kila hatua tangu mwanzo. Wakivutana vizuri, mchezo mmoja unamaliza kichwa kizima cha rasta ndogo.

Sasa kete. Hapa sina ugomvi. Ndani zimewekwa uzito, ukimgonga mfalme kwa kiwiko anayumba na kurudi wima. Nilimpima kwa rula ya Neema: sentimita 9.5, na mraba wa bodi sentimita 5.5. Hivyo ndivyo vipimo vya bodi za mashindano, kwa hiyo mtoto akienda kucheza kwingine jicho lake halitachanganyikiwa. Farasi wamechongwa vizuri, wana meno na masikio. Askofu mmoja mweusi alibanduka kitambaa cha chini wiki ya pili, nikakirudisha kwa gundi ya nywele. Hajabanduka tena. Gundi inayoshikilia wigi kwenye matatu ya Jogoo Road haishindwi na askofu.

Bodi ndiyo iliyonitia hasira. Ile ya kwanza ilikuja imechapwa vibaya, na hatukujua mpaka siku ya mchezo wa kwanza. Neema anasoma, anasogeza, halafu ananyamaza. "Mama, kwenye simu askofu yuko kwenye nyeupe, kwetu yuko kwenye nyeusi." Nikamwambia amesogeza vibaya. Akarudia tangu hatua ya kwanza, jibu lile lile. Kumbe herufi na namba za pembeni zilikuwa zimewekwa kinyume na rangi: kona ya kulia ya mchezaji, ambayo siku zote inatakiwa kuwa nyeupe, kwetu ilikuwa nyeusi. Malkia mweupe, ambaye husimama kwenye rangi yake, alikuwa amesimama kwenye giza.

Nikairudisha mjini. Muuzaji akaigeuza, akaitazama, akasema, "Mama, si miraba ni ile ile?" Nikamwambia mtu akileta sare ya shule ambayo mfuko wa kifuani umeshonwa mgongoni, atasema mfuko ni ule ule? Akacheka, akanibadilishia bila kuongeza hata shilingi. Nauli ya kwenda na kurudi nimejilipia mwenyewe, na mteja wa saa nne alikwenda kwa jirani.

Ya pili iko sawa. Ilikataa kulala, kona zikawa zinainuka na kuangusha ngome, tukaiweka chini ya draya dakika mbili, kisha chini ya katoni ya shampuu usiku mzima. Sasa imelala kabisa. Krimu ikimwagika unapangusa, imekwisha.

Tangu hapo mechi ikawa ya saluni nzima. Mteja wangu mmoja wa siku nyingi alikuwa upande wa Tan kuanzia mwanzo, kwa sababu nilimsimulia kwamba Tan alikuwa bingwa mwaka 2017 na Ju ndiye aliyemnyang'anya taji 2018. "Basi amekuja kuchukua chake," akasema, na Tan aliposhinda mchezo wa pili akaagiza chai ya watu wote. Haikudumu. Ju alisawazisha mchezo wa tatu, wakatoka sare, halafu akashinda minne mfululizo, wa tano hadi wa nane. Mechi ilianzia Shanghai, kwao Ju, ikahamia Chongqing, kwao Tan, na Tan akapigwa mbele ya watu wake. Tarehe 16 Aprili sare moja ikatosha: alama 6.5 kwa 2.5, michezo mitatu ikabaki bila kuchezwa, na Ju akawa bingwa kwa mara ya tano. Mteja wangu hakuongea mpaka nikamaliza kumchoma ncha za rasta.

Ni huyo huyo aliyeuliza mbona wanawake wacheze peke yao, kwani kete zinabebwa kwa misuli? Hakuna anayewafungia mlango wa mashindano ya wote. Judit Polgár wa Hungaria alifika kumi bora wa dunia kati ya wanaume, na taji hili la wanawake hakuwahi kuligombea. Lakini taji lipo tangu Vera Menchik alipolitwaa London mwaka 1927, na mimi nasema liendelee kuwepo, maana ndilo lililomfanya Neema aache katuni wiki mbili nzima. Vijana wa bodaboda nje, wanaocheza drafti kwa vifuniko vya soda, walikuja mlangoni kuona "drafti ya wadosi", yaani ya matajiri. Mmoja sasa anajua farasi anavyoruka, na anaringa nalo.

Mfuko sitausifu. Zipu ilikufa wiki ya tatu, tunaufunga kwa raba ya nywele.

Kilichobaki ni malkia. Seti ina mmoja mweupe na mmoja mweusi, basi. Askari akifika mwisho wa bodi anaweza kugeuka malkia; sasa kama malkia wako bado yu hai, unatafuta wapi wa pili? Watu wengi hupindua ngome na kuiita malkia. Kwenye mashindano ukifanya hivyo mwamuzi ataihesabu kuwa ngome, hata ikisimama kwa kichwa. Unatakiwa usimamishe saa na umwombe mwamuzi akupe malkia. Seti za wanaojali huja na kete 34 kwa sababu hiyo.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ukienda kununua, itandaze bodi pale pale kibandani na utazame kona ya kulia kabla ya kutuma M-Pesa. Nilimuomba muuzaji aniuzie malkia wawili tu, akaniambia ninunue seti nyingine. Kwa sasa malkia wetu wa pili ni chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, na Neema hamruhusu mteja yeyote kuifungua mchezo ukiwa unaendelea.