TAHADHARI: "Wakala" anayeuza tiketi ya ndege pamoja na gari la kukupokea

Ndugu zangu, kuna mtu anajiita wakala wa safari za ndani. Anakuuzia vitu viwili kwa mpigo: tiketi ya ndege ya kwenda mji mwingine na gari la kukupokea ukishuka. Bei yake iko chini ya ile ya shirika lenyewe, na anataka hela yote mapema, kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Amemliza dada yangu.

Ujanja wake uko hivi. Nafasi anakuwekea kweli, halafu anakutumia PNR, ile namba ya nafasi uliyowekewa, yenye herufi na tarakimu ambazo jumla yake ni sita. Ukiiingiza kwenye tovuti ya shirika unaona jina lako, safari yako, hadi saa ya kuondoka. Unatulia. Kumbe nafasi imeshikwa tu, haijalipiwa, na muda wa kulipia ukipita mfumo unaifuta. Dada alifika kaunta na mizigo yake akaambiwa hana tiketi. Wakala kazima simu.

PNR peke yake isikutulize. Dai namba ya tiketi: kwa kawaida ina tarakimu 13, tatu za mwanzo ni za shirika. Kisha pigia shirika lenyewe, kwa namba uliyoitoa kwenye tovuti yao na si aliyokupa yeye, uulize kama tiketi imeshatolewa. Uliza tena kabla hujaondoka nyumbani, kwa sababu hata tiketi halali anaweza kuifuta nyuma yako arudishiwe hela, na iliyonunuliwa kwa kadi ya wizi hufutwa pia.

Suala la gari ndilo linaloninyima usingizi. Mtu huyu anajua jina lako, saa utakayotua na kwamba u mgeni pale. Kibao chenye jina lako si ushahidi, yeyote anaweza kukiandika. Dereva akikufuata, usimtajie jina. Mwache akutajie yeye, pamoja na ulikotoka. Namba ya gari uwe nayo kabla ya kuruka, mtumie na mwenyeji wako. Nauli lipa ukifika.

Kama umeshamlipa mtu wa aina hii, piga simu sasa hivi kwa kampuni uliyotumia kutuma hela, uombe muamala uzuiwe kabla hajautoa. Usifute ujumbe wake hata mmoja, polisi watauhitaji.